Jinsi ya kupima ustadi wa mikono katika mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo

Mwanafunzi wa upasuaji hujifunza kile anachopimiwa. Mpime kwa saa peke yake, atajifunza kukimbia. Mhesabie makosa peke yake, ataganda mbele ya skrini akiogopa kugusa chochote. Ninasimamia chumba cha mazoezi ya laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo, na mara kwa mara hunilazimu kuweka sahihi kwamba daktari fulani anayesomea upasuaji yuko tayari kushika vifaa ndani ya tumbo la mtu. Sahihi hiyo siiweki kwa sababu kijana ni mchangamfu, wala kwa sababu wenzake wanasema mkono wake mwepesi. Nataka vipimo, tena vipimo ambavyo vyenyewe vimemzoesha mambo yanayomlinda mgonjwa.

Nawaandikia wanaoanzisha au kusimamia mazoezi ya namna hii. Si lazima uwe na mashine ya kisasa. Sanduku lenye kamera, skrini, rula nzuri na wapimaji wawili wenye nidhamu wanatosha kuanza kazi ya kuaminika.

Kwanza jua unapima nini

Katika upasuaji wa wazi jicho linauona mkono, na mkono unaigusa nyama. Laparoskopi inakata njia zote mbili. Vifaa ni virefu, vinapita kwenye troka (bomba fupi linalochomekwa kwenye tundu la tumbo), na pale vinapopita ukuta wa tumbo panakuwa egemeo: ukipeleka mpini kulia, ncha inakwenda kushoto; ukiuinua, ncha inashuka. Kifaa kikizama zaidi, ncha inatembea zaidi kuliko mkono; kikiwa nje zaidi, ncha inatembea kidogo. Skrini bapa inaondoa kina. Msuguano wa troka unafifisha mguso. Ndiyo maana bingwa wa upasuaji wa wazi anaweza kusimama mbele ya sanduku akahangaika kuokota kipande cha mpira, na bado akawa bingwa kwelikweli mahali pengine. Huu ni ustadi wake wenyewe, na unapimwa kwa vipimo vyake.

Mimi hutazama mambo manne: muda, makosa njiani, kazi inayobaki mezani vifaa vikishatolewa, na mwendo wa mikono. Juu ya hayo naweka jicho la mtu mzoefu anayetazama video. Hakuna hata kimoja kinachojitosheleza, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni namna ya kuvifanya visahihishane.

Liko jambo ambalo sanduku halilipimi kabisa, nalo ni uamuzi. Erich Mühe aliondoa mfuko wa nyongo kwa laparoskopi Ujerumani mwaka 1985. Njia hiyo ilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 1990, majeraha ya mrija mkuu wa nyongo yaliongezeka, na mengi hayakutokana na mkono unaotetemeka; daktari aliuona mrija mmoja akadhani ni mwingine. Kwa hiyo ripoti yako iseme wazi kwamba umepima ustadi wa mikono. Ukiandika tu “amefuzu laparoskopi”, atakayeisoma kesho atakuelewa vingine.

Sanduku lisibadilike

Ukitaka kulinganisha mtu na mtu, au mtu na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, kila kitu kingine kibaki palepale. Weka alama ya utepe juu ya meza mahali sanduku linapokaa, na alama nyingine ndani yake mahali ubao wa zoezi unapokaa. Ukisogeza ubao kidogo kuelekea kwenye kamera, kila kitu kinaonekana kikubwa na rahisi zaidi, na alama zote za siku hiyo hazilingani tena na za jana. Kamera iwe imefungwa pasipo kushikwa na mtu, isipokuwa unapima ushikaji wa kamera wenyewe. Skrini iwe mbele ya mtu, chini kidogo ya usawa wa macho. Meza irekebishwe kwa kila mmoja ili mipini ikae usawa wa viwiko au chini kidogo. Hapa ndipo pekee ninaporuhusu tofauti, kwa sababu mtu mfupi anayefanya kazi mabega yakiwa juu unampimia meza, humpimii mikono.

Angalia pia umri wa vifaa. Mkasi butu humwadhibu anayejaribu mwisho wa wiki kuliko aliyejaribu mwanzo. Mimi huweka seti ya mtihani kando na seti ya mazoezi, na ile ya mtihani haitoki kabatini kwa kazi nyingine.

Jambo la mwisho kuhusu maandalizi ni kwamba jaribio la kwanza kabisa huwa linapima mshangao. Mwonyeshe mtu video ya zoezi, mwache ajaribu kwa uhuru kidogo, ndipo uanze kuandika alama za kianzio. Usipofanya hivyo utajisifu kwa maendeleo makubwa ambayo ni mtu tu kuelewa maelekezo.

Mazoezi gani, na yanahesabiwaje

Usianze kwa kubuni mazoezi yako. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Gerald Fried katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, lilitengeneza mfumo wa MISTELS, wa mazoezi ya sandukuni yenye alama za wazi. Chama cha madaktari cha SAGES cha Marekani kikaujengea juu yake mpango wa FLS, na kuanzia mwaka wa masomo 2009–2010 bodi ya upasuaji ya nchi hiyo ilianza kumdai kila anayetaka kuthibitishwa kuwa daktari wa upasuaji wa jumla awe amefuzu mpango huo. Mazoezi yake ni matano: kuhamisha vipande sita vya mpira kati ya vigingi, kukata duara lililochorwa kwenye gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), kufunga kitanzi tayari kwenye alama, kushona na kufunga fundo kwa kulisukuma kutoka nje, na kushona na kufunga fundo ndani kwa ndani.

Siri ya mfumo huo ni kanuni ya hesabu, na ni nyepesi. Kila zoezi lina muda wa ukomo: sekunde 300 kuhamisha vipande, 300 kukata duara, 180 kitanzi, 420 fundo la nje, 600 fundo la ndani. Alama ya mtu ni muda wa ukomo, toa muda aliotumia, toa adhabu ya makosa. Akivuka ukomo anapata sifuri. Kwa njia hiyo haraka ina faida, ila uzembe unaila faida hiyo palepale.

Kuhamisha vipande ni zoezi ambalo wengi hulidharau, nami nalipenda kwa sababu linaufichua mkono wa pili. Kipande kinaokotwa kwa mkono usiozoea, kinahamishiwa mkono uliozoea kikiwa hewani, kinawekwa upande wa pili. Kisha safari inarudi kinyume. Adhabu ni kwa kipande kinachoanguka mahali kisipoweza kufikiwa wala kuonekana. Tazama pale vifaa viwili vinapokutana hewani. Asiyekisoma kina atagonga mbele ya kipande, au nyuma yake, kabla ya kukipata. Hesabu migongano hiyo kwenye karatasi ya pembeni hata kama haiingii kwenye alama rasmi. Itakuambia mengi unapokaa na mwanafunzi baadaye.

Kukata duara kunapima kazi ya mkono usiokata. Mkasi hukata vizuri pale tu mkono mwingine umeivuta gozi ikakaza. Adhabu ni eneo lililokengeuka kutoka kwenye mstari, nami hulipima kwa kuweka kipande kilichokatwa juu ya karatasi ya miraba midogo na kuhesabu miraba. Kitanzi kinapimwa kwa milimita kutoka kwenye alama, na kwa kulivuta fundo kuona kama linateleza. Hakina mengi ya kueleza.

Fundo la ndani, kwa karibu

Kama ningeruhusiwa zoezi moja tu, ningechukua hili. Nitalieleza hatua kwa hatua, kwa kuwa ndipo tofauti ya kipimo kizuri na kibaya inapoonekana.

Unahitaji bomba laini la mpira, la aina inayotumika kutoa majimaji kwenye kidonda, lililochanwa kwa urefu na lenye nukta mbili nyeusi, moja kila upande wa mchano. Bomba linabandikwa kwenye kibao. Uzi ni hariri ya unene wa 2-0 wenye urefu wa sentimita 15. Mwanafunzi anaingiza sindano kwenye nukta ya kwanza, anaitoa kwenye ya pili, kisha anafunga: mzunguko wa kwanza uwe maradufu, ufuatwe na miwili ya kawaida, na sindano ibadilishe mkono kila mara ili fundo likae mraba. Saa inaanza vifaa vinapoonekana kwenye skrini na inasimama uzi unapokatwa mikia yote miwili.

Sasa vifaa vimetoka, kila mtu anapumua, na mwanafunzi anakuuliza, “Dokta, dakika ngapi?” Usijibu bado. Bandua bomba, lipeleke kwenye mwanga, chukua rula yenye nusu milimita. Pima kutoka ukingo wa nukta hadi tundu la sindano, pande zote mbili. Kisha tazama mchano: midomo yake imekutana, au kuna pengo? Pima pengo hilo kwa milimita. Tazama pia kama mpira umejikunja chini ya uzi; huko ni kubana kupita kiasi, na kwenye utumbo wa mtu sehemu iliyobanwa hivyo inakosa damu. Mwisho shika midomo ya mchano kwa vidole na uifungue taratibu. Fundo linashikilia, linateleza, au linaachia. MISTELS ilitoa adhabu tatu kwa hilo: 0, 10 na 20. Na bomba likiwa limeng’oka kwenye kibao wakati wa zoezi, alama ni sifuri bila mjadala, kwa sababu kilichong’oka kingekuwa kiungo.

Uzito wa adhabu ndio unaoamua utawafundisha nini. Chukua mfano wa mizani ninayotumia mimi: kila milimita inakata alama 10, fundo linaloteleza linakata alama 100, na likiachia zoezi zima ni sifuri. Mwanafunzi wa kwanza anamaliza kwa sekunde 150. Matundu yake yamepotoka jumla milimita 5, pengo lina milimita 2, fundo linateleza. Hesabu: 600 toa 150, toa 70, toa 100, anabaki na 280. Wa pili anatumia sekunde 240, amepotoka milimita moja, hakuna pengo, fundo limekaza: 600 toa 240 toa 10, anapata 350. Amechelewa kwa dakika moja na nusu na amemshinda mwenzake kwa alama 70, nami naona hivyo ndivyo inavyotakiwa. Badilisha adhabu ya kuteleza iwe 20 tu na milimita iwe 2, na yule wa kwanza anakuwa na 416 dhidi ya 358. Mikono ileile, bomba lilelile, ila sasa umewaambia wote waliokuwa wakitazama kwamba fundo legevu ni sawa tu mradi liwe la haraka. Kama fundi cherehani anayelipwa kwa idadi ya nguo, watakupa ulichokilipia.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza mizani, ijaribu kwa mifano ya kubuni kama hiyo. Jiulize: yupi kati ya hawa wawili ningemruhusu amshone ndugu yangu? Mizani ikikupa jibu tofauti na lako, rekebisha mizani.

Mwendo wa mikono

Kipimo cha mwendo kilikua zaidi baada ya kundi la Ara Darzi la Chuo cha Imperial, London, kutengeneza ICSAD, kifaa kinachofuatilia vihisio vya sumakuumeme vilivyobandikwa nyuma ya mikono na kutoa muda, urefu wa njia na idadi ya miondoko. Leo unaweza kufanya kitu cha karibu na hicho kwa utepe wa rangi kwenye ncha za vifaa, kamera, na programu inayofuata rangi kwenye kila picha ya video. Ukiwa na kamera moja unapata upana na kimo tu. Ukitaka kina, ongeza ya pili na uzioanishe.

Urefu wa njia ni jumla ya umbali ambao ncha imetembea. Mzoefu hufupisha: anakwenda alikokusudia na kurudi. Mwanafunzi huzunguka, hupita, hurudi. Ila kipimo hiki kina mitego miwili ambayo nimeona ikiharibu kazi za watu makini.

Mtego wa kwanza ni kelele za kihisio. Hata kifaa kikiwa kimelala, kihisio hutikisika kidogo, na kila mtikisiko unaongezwa kwenye njia. Fanya hivi: laza kifaa sandukuni kwa dakika moja bila kukigusa, kisha soma urefu wa njia uliorekodiwa. Hiyo ni njia hewa. Aliyefanya kazi dakika nane amebebeshwa njia hewa mara nne ya aliyefanya dakika mbili, na utadhani umegundua uhusiano wa ajabu kati ya muda na mwendo. Lainisha data kwa kichujio kilekile kwa watu wote, na uandike ni kichujio gani. Ulaini wa mwendo, unaokokotolewa kutokana na namna mchapuko unavyobadilika, huumia zaidi, kwa sababu kila hatua ya ukokotoaji inakuza kelele. Usiuguse kabla hujaisafisha data.

Mtego wa pili ni mkono uliolala. Mtu anaweza kuwa na njia fupi sana kwa sababu mkono wake wa kushoto umeshikilia kona ya gozi na kutulia tuli zoezi zima, huku mkasi ukikata kwenye kitambaa kilicholegea. Kwenye jumla anaonekana hodari. Kwa hiyo soma kila mkono peke yake, na uangalie pia sehemu ya muda ambayo mkono mmoja haukufanya chochote.

Mashine za uhalisia pepe hutoa vipimo hivi vyote zenyewe, na nyingine kwa wingi unaochosha. Zina faida halisi. Mwaka 2002 Neal Seymour na wenzake walichapisha jaribio la madaktari 16 waliokuwa mafunzoni. Nusu yao walifanya mazoezi kwenye mashine ya MIST VR hadi kufikia kiwango cha wataalamu. Kisha, kwenye upasuaji halisi wa mfuko wa nyongo, walikuwa wepesi kwa asilimia 29 katika kuubandua mfuko, na wale ambao hawakupata mazoezi hayo walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko au kuunguza mahali pasipohusika. Angalia walichofanya kabla ya kufika huko: waliweka kiwango na mtu akakaa kwenye mashine mpaka akifikie. Hawakuhesabu saa za mazoezi. Ukinunua mashine bila kuweka kiwango, umenunua skrini. Na usichukue kila safu ya takwimu inayotoka humo. Chagua chache unazoweza kumweleza mwanafunzi afanye nini ili ziboreke.

Jicho la mtahini

Ipo dhana kwamba kutazama video na kutoa alama ni maoni tu. Ushahidi unasema vingine, kama utazamaji umepangwa. Mwaka 2013 John Birkmeyer na wenzake katika jimbo la Michigan walichukua madaktari 20 wa upasuaji wa kupunguza unene, kila mmoja akatoa video moja ya upasuaji wake wa laparoskopi, na wenzao wakazipa alama bila kujua ni za nani. Robo ya chini kwa alama ilikuwa na matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 14.5 ya wagonjwa. Robo ya juu, asilimia 5.2. Jicho lililopangiwa kazi linaona kitu cha kweli.

Fomu usibuni, zipo. OSATS ilitoka Toronto miaka ya 1990 kwa kundi la Richard Reznick: vipengele saba, kila kimoja alama 1 hadi 5, kuanzia heshima kwa nyama hadi mtiririko wa upasuaji. GOALS ilitoka McGill mwaka 2005 kwa ajili ya laparoskopi hasa, ina vipengele vitano: kusoma kina, kutumia mikono miwili, ufanisi, kushika nyama, na kujitegemea. Sandukuni naacha kipengele cha kujitegemea, kwa sababu hakuna wa kumsaidia mtu humo na kila mmoja angepata 5. Jumla yangu basi ni 20, na ninaiandika hivyo ili mtu asije akailinganisha na 25 ya kwingine.

Video ionyeshe ndani ya sanduku tu. Zima sauti. Wavishe wote glavu za rangi moja kama mikono inaonekana. Changanya video za kabla na baada ya mafunzo bila mpangilio, zipe namba, na anayezichanganya asiwe anayezitolea alama. Mtahini akijua hii ni ya “baada”, atauona ustadi hata usipokuwepo. Tumia watahini wawili wanaofanya kazi kila mmoja peke yake, bila kushauriana.

Kabla ya yote hayo, waketishe pamoja na video chache za mfano. Kila mtu aandike alama yake kimya, ndipo wafunue. Ubishi utakaofuata ndio mafunzo yenyewe. Mmoja atasema, “Nimempa 2 kwa sababu amevuta bomba.” Mwingine atasema hakuona. Rudisheni video, tazameni. Baada ya video kadhaa mtakuwa mnaona vitu vilevile. Ikiwa bado wanapishana kwa zaidi ya alama moja kwenye kipengele, maelezo ya kipengele hicho hayajaeleweka. Yaandikeni upya kwa mambo yanayoonekana kwa macho.

Kisha pima makubaliano yao kwa hesabu. Asilimia ya mara walizokubaliana inadanganya: watahini wawili wenye tabia ya kumpa kila mtu 3 watakubaliana karibu kila mara bila kutazama chochote. Tumia kapa ya Cohen, inayoondoa makubaliano ya bahati, au kipimo kingine cha makubaliano kiitwacho ICC kwa alama za jumla; kwenye vyote viwili 1 ni makubaliano kamili. Kwa maoni ya kumsaidia mwanafunzi ajirekebishe, makubaliano ya wastani yanavumilika. Kwa mtihani wa kumzuia au kumpitisha mtu, nataka 0.8 au zaidi, na nikikosa nasitisha matumizi ya alama hizo hadi watahini wafunzwe tena. Kumfelisha daktari kwa alama ambayo mtahini mwingine asingeitoa ni dhuluma.

Kuweka alama ya kufaulu

Asilimia 50 haina maana yoyote hapa. Kiwango kitoke kwa watu wanaoifanya kazi hii vizuri, na mtu huyo ni yule anayefanya laparoskopi kila wiki, awe na cheo au asiwe nacho. Mpe naye nafasi ya kulizoea sanduku kwanza; mzoefu aliyeingizwa kwenye mtihani papo hapo atakuwekea kiwango cha chini kuliko uwezo wake.

Njia moja ni kuchukua wastani wa wazoefu na kuuwekea nafasi ya mchepuko, yaani kiasi ambacho alama zao hutofautiana na wastani huo. Kundi la watafiti la Texas, Marekani, lililochapisha viwango vyake mwaka 2007 kwa mazoezi ya FLS, lilifika kwenye sekunde 48 kwa kuhamisha vipande bila kudondosha nje, na sekunde 112 kwa fundo la ndani lisiloteleza. Njia nyingine, ninayoipenda zaidi, ni ya makundi mawili: chora mgawanyo wa alama za wanaoanza na wa wazoefu kwenye karatasi moja, na pale mistari inapokatana weka kiwango cha kuanzia. Kisha angalia ni wazoefu wangapi wangeshindwa na ni wanaoanza wangapi wangepita. Kila anayeanza anayepita ni hatari kwa mgonjwa. Kila mzoefu anayeshindwa anapotezewa muda wake. Si makosa sawa, basi sogeza mstari juu kidogo.

Usiishie hapo ukadhani kipimo kimethibitika kwa sababu tu kimewatofautisha wazoefu na wanaoanza. Makundi hayo yanapishana kwa mambo mengi, na hata kipimo hafifu kinaweza kuyatenganisha. Swali gumu ni kama kinawatofautisha wawili waliokaa mafunzoni muda mmoja, na kama alama za sandukuni zinaendana na zile za chumba cha upasuaji. Anza kukusanya data hizo tangu mwanafunzi wa kwanza.

Na mtu asipite kwa jaribio moja zuri. Lile kundi la Texas lilidai kiwango kifikiwe mara mbili mfululizo, na kwa kuhamisha vipande mara 10 zaidi zisizo lazima zifuatane. Mimi nashikilia lile la mfululizo kwa kila zoezi, kwa sababu mgonjwa hachagui siku ambayo mkono umeamka vizuri.

Mrudishie mwanafunzi vipimo vyake

Mchoree kila mtu grafu yake: majaribio chini, alama juu, na mstari wa kiwango umevukishwa. Grafu inayopanda kisha kunyooka chini ya mstari inakwambia kurudia zaidi hakutasaidia. Kaa naye, tazameni video, tafuta tabia moja ya kubadilisha. Mara nyingi ni jinsi anavyoishika sindano, kwenye pembe ambayo inamlazimu kupinda kiwiko. Badilisha hiyo moja tu. Alama itashuka kwa muda kabla ya kupanda, na mwambie mapema ili asikate tamaa.

Mtu akifikia kiwango, mwongezee kazi ya pili kwa wakati mmoja, kwa mfano kuhesabu alama zinazojitokeza kwenye skrini ya pembeni huku akishona. Wawili wenye alama sawa hutengana hapa: mmoja anashona na kuhesabu, mwingine fundo linaharibika mara moja kwa sababu akili yake yote ilikuwa kwenye ncha za vifaa. Chumba cha upasuaji kimejaa sauti na maswali, na yule wa pili bado hajafika.

Mrudishe kila aliyefuzu sandukuni baada ya miezi kadhaa, bila kumwambia ajiandae. Kuhamisha vipande hudumu mkononi. Fundo la ndani ndilo linaloondoka mapema, hivyo muda ukitosha zoezi moja tu, mpe hilo. Aliyeshuka chini ya kiwango anarudi mazoezini hadi akifikie tena mara mbili mfululizo, na tarehe ya kipimo cha mwisho inaandikwa kwenye cheti chake kando ya ile ya kwanza.